Mguu wa Kulia wa Dereva wa Boda

Swali: Shikamoo mwalimu. Mimi ni dereva wa bodaboda Moshi, kijiwe chetu kipo Kiboriloni, na huu ni mwaka wangu wa saba. Mjomba ana Hilux ya zamani ya dizeli, gia za mkono. Siku hizi magoti yanamsumbua, anataka nianze kumshushia ndizi kutoka Old Moshi hadi sokoni. Amenipeleka uwanjani mara mbili. Mara ya kwanza gari lilinizimikia mpaka watoto wakaanza kuhesabu kwa sauti. Mara ya pili kuku alikatiza, nikakanyaga mguu wa kulia kama ninavyofunga breki siku zote, gari likaruka mbele likaingia kwenye uzio wa jirani, wa mimea ya masale. Kuku alipona. Sasa mjomba anasema watu wa pikipiki hawafundishiki gari. Je, ni kweli pikipiki imeniharibu? Na katika vitu nilivyozoea, vipi niende navyo kwenye gari na vipi niviache?

Jibu:

Marahaba, mdogo wangu.

Mjomba amekosea, ila hakukosea sana. Nafundisha udereva hapa Arusha, gari na pikipiki, na katika wote wanaokaa nyuma ya usukani kwa mara ya kwanza, vijana wa bodaboda ndio ninaowapenda zaidi na ndio wanaonitoa jasho zaidi. Nawapenda kwa sababu barabara wameshaijua. Wanaiona daladala inayotaka kusimama kabla haijasimama, wanajua mchanga unakokaa kwenye kona, wanajua mvua ya kwanza inavyoifanya lami kuwa kama imepakwa sabuni. Mambo hayo mwanafunzi mwingine yanamchukua miaka. Jasho linanitoka kwa sababu moja tu, nayo ni hiyohiyo uliyokutana nayo siku ya kuku.

Fanya hivi kwanza. Kaa kwenye kiti, funga macho, jione uko juu ya pikipiki. Mkono wa kushoto unashika nini? Klachi. Mguu wa kushoto? Gia. Sasa hamia kwenye Hilux. Mkono wa kushoto: gia. Mguu wa kushoto: klachi. Yaani upande wa kushoto kazi ni zilezile mbili, mkono na mguu wamebadilishana zamu tu. Bahati hii tunaipata sisi tunaoendesha magari ya usukani wa kulia. Mfaransa gia ya gari anaishika kwa mkono wa kulia, kwa hiyo kwake hesabu haikai vizuri namna hii.

Njoo upande wa kulia sasa. Kwenye pikipiki mkono wa kulia una mafuta na breki ya mbele, mguu wa kulia una breki ya nyuma. Kwenye gari mkono wa kulia umenyang'anywa vyote, umebaki na usukani na indiketa. Mafuta yameshuka chini, breki zote mbili zimekuwa moja, na kila kitu amekabidhiwa mguu mmoja. Na huo ni mguu ambao kwa miaka saba umejua neno moja: kukanyaga ni kusimama. Leo unaambiwa kukanyaga ni kusimama au ni kuondoka, inategemea umekanyaga hapa au sentimita chache kulia kwake.

Ndiyo maana makosa yako mawili uwanjani nayatazama kwa macho tofauti kabisa. Kuzimikiwa ni kosa la kushoto. Linakera, watoto wanahesabu, mjomba anaguna, lakini gari lililozima halijamgonga mtu. La masale ni kosa la kulia. Mwanafunzi wangu anaweza kufanya la kushoto mara hamsini nikakaa kimya. La kulia akilifanya mara moja, tunazima injini na tunaanza upya.

Siku ile mguu wako haukuwa mzembe. Ulifanya kazi yake sawasawa, tena kwa wepesi, ila ulikuwa kwenye kiti kisicho chake. Ukipewa muda wa kufikiri unajua vizuri pedeli ipi ni ipi. Kuku hatoi muda huo. Katika nusu sekunde ile mwili hauulizi kichwa, unachomoa zoezi la zamani kuliko yote ulilonalo. Ubaya wa kosa hili ni kwamba linajilisha lenyewe: umekanyaga ili lisimame, halikusimama, basi unakanyaga kwa nguvu zaidi. Gari haliwezi kusogea kidogo hapo. Lazima liruke.

Wala usidhani ni ugonjwa wa watu wa boda. Marekani, miaka ya 1980, wenye magari ya Audi 5000 walilalamika kwamba magari yanachomoka yenyewe na breki hazishiki. Idara ya serikali ya usalama barabarani ikachunguza, na mwaka 1989 ikatoa jibu lililowaudhi wengi: mara nyingi dereva alikuwa amekanyaga mafuta huku akiamini kabisa amekanyaga breki. Hao walikuwa watu wa magari, pikipiki haikuwafundisha chochote.

Kuna gari moja, hata hivyo, ambalo ungelipanda leo na kuku wote wa Kiboriloni wakawa salama. Ni Ford Model T, lililotengenezwa kuanzia 1908 hadi 1927, zaidi ya magari milioni 15. Lilikuwa na pedeli tatu, lakini ya kulia ndiyo ilikuwa breki, ya katikati rivasi, na ya kushoto ilibadilisha mwendo. Mafuta yaliongezwa kwa kijiti kilichokuwa chini ya usukani, mkono wa kulia. Mkono wa kulia mafuta, mguu wa kulia breki: pikipiki tupu hiyo! Mpangilio wa klachi, breki, mafuta tunaoufundisha leo ulikuja na Cadillac ya 1916, na Austin 7 ya Waingereza, iliyotoka 1922, ikausambaza. Pikipiki nazo zilichelewa kupatana. Triumph na BSA za zamani ziliweka gia mguu wa kulia na breki mguu wa kushoto, mpaka kanuni ya Marekani ya Septemba 1974 ilipotaka gia zote ziwe kushoto. Nina hakika kuna wazee waliobadili pikipiki mwaka ule wakafunga breki kwa gia. Kwa hiyo mguu wako haukuzaliwa na breki. Ulifundishwa, na utafundishwa tena.

Zoezi la kwanza halitumii hata tone la dizeli. Zima injini, vuta hendibreki. Weka kisigino cha kulia sakafuni mbele ya pedeli ya breki, usikiweke mbele ya mafuta. Kutoka hapo vidole vinaingia kwenye breki moja kwa moja, na ukitaka mafuta unavigeuza kulia, kisigino kikibaki palepale. Kwenye pikipiki nyayo inakaa juu ya chuma na kisigino kinaning'inia. Hakijawahi kuwa na makao. Kwenye gari kisigino ndicho kinachokwambia uko wapi bila kutazama chini. Sasa mpe mjomba kazi: akae kushoto, apige kofi wakati wowote bila kukuonya. Kofi likilia, vidole vinatoka kwenye mafuta, vinaingia kwenye breki, na mguu wa kushoto unazamisha klachi hadi chini. Mara mia asubuhi, mara mia jioni, wiki nzima. Utajiona kama mtoto anayechezea gari bovu. Fanya tu.

Na angalia kitu kimoja humo ndani. Dereva wa pikipiki akiona hatari mguu wake unakanyaga. Wa gari, mguu wake unainuka kwanza, ndipo unakanyaga. Breki unaijua tayari, mimi sina la kukufundisha hapo. Unachojifunza ni kule kuinua. Siku kofi litakapolia ukakuta mguu umeinuka wenyewe kabla hujafikiri, niamini, umeshavuka mto.

Zoezi la pili linatibu makosa yako yote mawili kwa mpigo. Dizeli ina nguvu hata ikiwa inazunguka taratibu, na Hilux ya namna hiyo kwenye tambarare inaondoka bila kuguswa mafuta. Weka gia ya kwanza, achia klachi polepole sana, mguu wa kulia ukiwa juu ya breki muda wote bila kuikanyaga. Utasikia injini inanguruma chini, pua ya gari inainuka kidogo, halafu gari linaanza kutambaa kwa mwendo wa mtu anayekwenda kanisani mapema. Hapo klachi inaposhika ndipo pa kupajua. Kaa hapo, pumua, achia iliyobaki. Zunguka uwanja, simama, ondoka tena. Siku tatu nzima mafuta usiyaguse kabisa. Mguu wa kulia utakuwa unajifunza kwamba nyumbani kwake ni kwenye breki, na kwenye mafuta huwa anatembelea.

Kwa nini lilikuwa linazima? Kwa sababu kwenye pikipiki klachi unaisikia kwa vidole vinne, na vidole ni fundi saa. Mguu ni mbeba mizigo. Umezoea kuukita kwenye gia, paa, basi. Sasa unaombwa uachie kitu milimita kwa milimita. Tena sikio lako linakudanganya. Injini ya pikipiki inazunguka mara elfu sita, elfu saba kwa dakika ikiwa kazini na unaona kawaida. Dizeli ile ikifika elfu nne imeshachoka. Ukiisubiri ilie kama Boxer ndipo uachie klachi, utakuwa umelichoma gari na jirani ameamka.

Hapo kwenye kuchoma nikae kidogo, maana ndipo watu wa boda wanapowatia wajomba hasara. Nimewaona kwenye foleni ya mzunguko wa Impala, kwenye kilima, kila mahali: mnapenda kubalansi kwa klachi. Pikipiki inasimama pale katikati, haiendi wala hairudi, klachi imeshikwa nusu. Pikipiki yako inavumilia kwa sababu klachi yake ni pleti kadhaa nyembamba zilizopangwa pamoja, zinaogelea kwenye oili ya injini, na oili inaziondolea joto. Klachi ya Hilux ni pleti moja kavu. Ikisuguana pale katikati haina wa kuipoza. Kilima kimoja cha kubalansi utasikia harufu, kama ya karatasi na nywele vikiungua pamoja. Ukifanya hivyo kila siku na mzigo wa ndizi, gari linapelekwa kushusha giaboksi, na hizo pesa mjomba atakukata wewe. Kwenye gari klachi iko juu au iko chini. Katikati ni njia ya kupita.

(Na kwa kuwa tumegusa oili: ukibakiza lita ya oili ya gari usiimimine kwenye pikipiki. Oili nyingi za magari madogo zina dawa ya kupunguza msuguano ili kuokoa mafuta, na msuguano ndio unaozishikisha pleti zako. Pikipiki itanguruma bila kuvuta. Kwenye kopo la oili ya pikipiki tafuta maandishi ya JASO MA.)

Mlimani sasa, na kule unakoenda kubeba ndizi ni mlima mtupu. Ukiwa na pikipiki umesimama kwenye kilima, mguu wa kulia unashikilia breki ya nyuma huku mkono wa kulia unaongeza mafuta. Kazi mbili, viungo viwili, pikipiki hairudi hata inchi. Kwenye gari kazi hizo mbili ni za mguu mmoja, na mguu hauwezi kuwa sehemu mbili. Anayechukua nafasi ya breki yako ya nyuma ni hendibreki. Kama Hilux ni ya zamani kweli, huenda hendibreki yake haiko kati ya viti. Ni ile ya kuvuta kutoka chini ya dashibodi, kama mpini wa mwavuli, na kuiachia unaizungusha kidogo kisha unaisukuma. Ivute. Gia ya kwanza. Ongeza mafuta kidogo, achia klachi mpaka pua iinuke, ndipo uachie hendibreki. Mimi wanafunzi nawapeleka barabara ya kupanda Ilboru, na huwa nasubiri asubuhi ya Jumapili, watu wakiwa wameshaingia ibadani. Wewe tafuta kilima kifupi kisicho na gari nyuma. Wa boda wanakijua kilima kwa mwili, kwa hiyo wanalipata hili haraka kuliko wengine, wakishakubali tu kwamba klachi si breki.

Gia zenyewe hazitakusumbua siku nyingi. Za pikipiki zimepangwa foleni: kutoka ya nne kwenda ya pili lazima upite ya tatu, na unahesabu kwa mguu. Baadhi zinakanyagwa zote mbele, nyingine moja chini na zilizobaki juu, na nyingine zimewekewa cha kukanyaga kwa kisigino. Za gari zimetandazwa kama vyumba vya nyumba, na fri ni ukumbi wa katikati. Ukitaka kutoka ya nne kuingia ya pili unapita ukumbini tu. Kosa la wa boda ni kuupiga mkono wa gia kama wanavyoipiga kwa mguu. Giaboksi ya pikipiki inapenda kupigwa haraka, meno yake yanakamatana kwa kishindo. Ya gari ina ringi za shaba zinazosawazisha mwendo wa gia kabla hazijashikana, nazo zinahitaji muda mfupi. Sukuma mpaka uhisi inakataa kidogo, subiri, itaingia yenyewe. Shika kwa kiganja kilicholegea. Mjomba akikusikia unakwaruza, ujue bado unapiga.

Sasa nakuja kwenye jambo ambalo hukuliuliza. Baada ya mguu wa kulia ndilo linalonitisha zaidi kwako, maana najua tabia za vijiwe. Mkiwa mnashuka kutoka juu mnaweka fri. Wengine wanazima kabisa ili kuokoa mafuta, pikipiki inateremka kimya kama baiskeli. Kwenye pikipiki tabia hiyo ni mbaya, ila breki zako zinavutwa kwa waya au fito, na nguvu ni ya mkono na mguu wako. Injini ikiwaka au ikizima, breki ni ileile. Kwenye Hilux, nyuma ya pedeli kuna buster inayozidisha nguvu ya mguu wako, na buster hiyo inaishi kwa upepo unaonyonywa na pampu inayozungushwa na injini. Zima injini, utabakiwa na kukanyaga mara mbili au tatu zenye msaada. Baada ya hapo pedeli inakuwa ngumu kama jiwe. Kama usukani ni wa pawa, nao unakuwa mzito. Na ukichomoa ufunguo, usukani unaweza kujifunga. Haya yote kwenye kona, na ndizi zinakusukuma mgongoni.

Hata injini ikiwa inawaka, kuteremka fri na mzigo kunaziachia breki kazi yote. Breki zinageuza mwendo kuwa joto, na joto lazima liende mahali. Likizidi, breki zinaanza kulegea huku mguu ukiwa umekanyaga kwa nguvu zote. Dawa yake unayo tayari, ila huitumii: gia. Kilima ulichokipanda kwa gia ya pili, kishuke kwa gia ya pili. Ingiza kabla mteremko haujaanza, usisubiri mwendo uwe umekolea. Injini itakulilia kidogo, iache ilie, inakushikia gari. Wala humpotezei mjomba dizeli: ukitoa mguu kwenye mafuta huku gari likiizungusha injini, pampu haipeleki kitu. Kwenye fri ndipo injini inapoendelea kunywa ili isizime. Yaani ile akiba mnayoamini mnaipata, kwenye Hilux hiyo haipo.

Upande wa breki yenyewe utapumzika. Kwenye pikipiki kazi ya kugawa ilikuwa yako: mbele kiasi gani, nyuma kiasi gani. Ukifunga kwa nguvu uzito wote unakimbilia mbele, kwa hiyo tairi la mbele ndilo linaloweza kukusimamisha, ingawa wengi wenu mnaogopa kuligusa kwa sababu mlilivuta siku ya mchanga mkaanguka. Gari linagawa lenyewe. Pedeli moja, matairi manne, na huanguki. Ila tani moja na nusu haisimami kama kilo mia na ishirini. Kwa kilomita 60 kwa saa unasafiri karibu mita 17 kila sekunde, na ile sekunde ya kushtuka inapita kabla hujagusa chochote. Nafasi uliyozoea kuiacha mbele yako, izidishe mara mbili, na ukiwa na mzigo zaidi ya hapo.

Usukani nao una mzaha wake. Pikipiki ikishapita kama kilomita 20 kwa saa huikunji kwa kuuzungusha usukani. Unasukuma mkono wa kushoto mbele kidogo, pikipiki inalala kushoto, inakwenda kushoto. Unafanya hivyo kila siku bila kujua; muulize yeyote kijiweni atakwambia anakata kona kwa kuegemea. Wilbur Wright, yule wa ndege, alikuwa fundi baiskeli na aliliona jambo hili: waendesha baiskeli hawajui wanavyokata kona. Kwenye gari usukani unakwenda unakoelekezwa, ila unazunguka mara tatu au zaidi kutoka mwisho hadi mwisho. Wa boda siku ya kwanza anaugeuza kidogo, halafu anaegemeza mwili dirishani, akishangaa mbona gari linakwenda mtaroni. Gari halijali umelala upande gani. Zungusha, mkono mmoja ukipokea kutoka kwa mwingine.

Upana ndio somo refu kuliko usukani. Kwa miaka saba mwisho wako ulikuwa ncha za mikono. Palipopita mikono ulipita wewe. Hilux hiyo ina upana wa karibu mita 1.7, na wewe umekaa kulia, kwa hiyo sehemu kubwa ya gari iko upande usiouona vizuri. Tena matairi ya nyuma hayafuati ya mbele kwenye kona, yanakata ndani. Weka ndoo mbili za plastiki uwanjani upite katikati, kisha zizunguke kona. Ukikanyaga ndoo ya kushoto, usijilaumu, kila mtu anaikanyaga. Barabarani, pale ulipokuwa unajipenyeza kati ya Noah na lori, sasa simama. Utaona wenzako wa boda wanajipenyeza kando yako na utawalaani, nami nitacheka.

Vitu vidogo vidogo: honi na indiketa ulikuwa navyo kwenye dole gumba la kushoto. Kwenye Hilux ya Kijapani honi iko katikati ya usukani na indiketa ni kijiti cha kulia. Wiki ya kwanza utawasha waipa kila unapotaka kukata kona, na jua linawaka. Indiketa ya gari inajizima yenyewe usukani ukirudi. Ya pikipiki haijizimi, na ukizoea gari utaisahau ikiwaka kutoka Kiboriloni hadi Mnara wa Saa.

Hilo linanileta kwenye jambo la kurudi, kwa sababu nadhani hutaacha boda mara moja. Nilikuwa na mwanafunzi, mama mmoja wa Njiro, aliyeendesha Vitz ya gia otomatiki miaka mingi, akataka pikipiki ya kumpeleka shambani. Mbwa alimkatiza, akakamata breki ya mbele kwa vidole vyote, na kwa sababu kiganja chake kilikuwa kimelala vibaya juu ya mshikio, mkono uleule ulioshika breki ukazungusha mafuta. Pikipiki ikawa inasimama na kuondoka kwa wakati mmoja. Unaona? Ni kosa lilelile la kwako, limepanda tu kutoka mguuni kwenda mkononi. Popote ambapo mafuta na breki vinashikwa na kiungo kimoja, hapo ndipo pa kuchunga.

Kwa hiyo wiki mbili za mwanzo usichanganye. Siku ya gari iwe ya gari, siku ya boda iwe ya boda, hata kama utakosa hela ya jioni. Vaa viatu tofauti: raba kwenye gari, buti zako kwenye pikipiki, ndala usivae popote. Na kila unapobadili chombo, kabla ya kuwasha, gusa kila kitu na ukitaje kwa mdomo: klachi, gia, breki, mafuta. Watu watakuona unaongea peke yako. Sawa tu.

Leseni yako ya pikipiki, ya kundi la A, haikupi ruhusa ya gari. Chukua lena, fanya mafunzo na mtihani, ndipo uongezewe daraja. Kabla ya hapo Hilux iishie uwanjani, na siku ya soko Kiboriloni usiisogeze kabisa. Kwa jirani mwenye uzio usiende mikono mitupu. Chuma isale palepale ulipoliangusha umpelekee. Wewe ni mtu wa Moshi, huhitaji mimi nikufundishe kwamba kwa Wachaga jani hilo ni la kuomba msamaha.

Kimebaki rivasi. Pikipiki yako haina, kwa hiyo mguu wako hauna la kusahau na mkono wako hauna la kubishana. Hapo unaanza sawa na mwanafunzi mwingine yeyote. Mwambie mjomba mazoezi ya kurudi nyuma ayaweke mapema, wiki ya kwanza, kwa mwendo wa klachi bila mafuta, ukiwa umegeuza shingo na kutazama kioo cha nyuma badala ya kutegemea vioo vya pembeni peke yake. Na amfunge kuku.